Mchezo unapogeuka kazi ya zamu

Kijana aliyeko Westville, kitongoji cha vilima magharibi mwa jiji la Durban nchini Afrika Kusini, akitaka kucheza World of Warcraft pamoja na wenzake wa Ulaya, hana budi kufuata saa zao. Mchezo huo hauna seva barani Afrika.

Wakati wa majira ya baridi ya Ulaya, kikundi kikikubaliana kukutana saa mbili usiku kwa saa za Paris, yeye hukaa mbele ya kompyuta saa tatu usiku. Kikicheza kwa saa tatu, huinuka saa sita. Mwenzake aliyeko Nairobi au Dar es Salaam huanza saa nne na kumaliza saa saba, na kunapokucha wote wawili wanatakiwa darasani au kazini.

Kama ratiba hiyo ingekuwa ya usiku mmoja, isingekuwa na uzito. Lakini hurudiwa wiki baada ya wiki, kwa miezi na hata miaka, na wapo wachezaji wanaokiri kwamba waliendelea kujiunga muda mrefu baada ya raha yenyewe kutoweka.

Hali hiyo huitwa uchovu wa mchezaji. Je, mtu huchoshwaje na jambo alilolichagua mwenyewe kwa ajili ya kujiburudisha?

Mwisho ambao si mwisho

Katika michezo ya aina hii, kila mchezaji huunda mhusika wake, kwa mfano mpiganaji, mganga au mchawi, kisha humwingiza katika ulimwengu mmoja na maelfu ya watu wengine kupitia intaneti. Mhusika huanza akiwa dhaifu na hupanda ngazi kwa kutimiza kazi anazopewa.

World of Warcraft ilipotolewa Marekani mwezi Novemba 2004, na Ulaya mwezi Februari 2005, ngazi ya juu kabisa ilikuwa ya 60. Mtu angedhani kwamba kuifikia ndiyo kumaliza mchezo. La hasha, hapo ndipo sehemu ndefu zaidi ilipoanza.

Wachezaji 40 walikusanyika kuingia katika pango liitwalo Molten Core na kupambana na majitu yaliyomo. Kila jitu likiuawa liliacha silaha au mavazi machache tu, yasiyoweza kuwatosha watu 40. Aliyekosa alingoja juma lifuatalo, majitu yalipofufuliwa, na kazi ile ile ikaanza upya.

Wachezaji wanaotumia Kiingereza huiita shughuli hiyo kusaga, kama nafaka inavyosagwa. Mswahili angeweza kuifananisha na kutwanga maji kwenye kinu.

Mwezi Januari 2007 kampuni ya Blizzard ilitoa nyongeza ya kwanza ya mchezo huo, na ngazi ya juu ikawa ya 70. Mavazi ambayo watu waliyahangaikia kwa miezi mingi yalipitwa upesi na yale yaliyotolewa kwa kazi za kawaida katika nchi mpya ya mchezo. Mapambano makubwa nayo yakapunguzwa hadi watu 25, na vikundi vilivyojengwa kwa watu 40 vikalazimika kuamua nani abaki nje.

Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema. Katika michezo hii, kila kibaba kinapokaribia kujaa, huletwa kikubwa zaidi.

Kwa nini hawaachi?

Sehemu ya jibu ilipatikana maabara, miaka mingi kabla ya intaneti. Mwaka 1957 wanasaikolojia wa Marekani Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha matokeo ya majaribio yao kuhusu namna tuzo zinavyoongoza tabia. Ilidhihirika kwamba njiwa anayepata chakula bila kujua ni mdonoo wa ngapi utakaomletea, hudonoa kwa kasi na hachoki upesi kukata tamaa.

Kanuni hiyo ndiyo inayoendesha mashine za kamari. Katika mchezo wa mtandaoni, jitu linaloweza kuacha upanga adimu leo, au kesho, au lisiuache kamwe, humfunga mchezaji kwa kamba ile ile.

Sehemu ya pili ya jibu ni watu. Mganga wa kikundi asipotokea, wenzake wote hushindwa usiku huo. Tangu enzi za EverQuest, mchezo uliotolewa mwaka 1999, vikundi vingi vimekuwa na daftari la pointi: anayehudhuria huongezewa, na mwenye pointi nyingi hutangulia kuchagua zawadi. Kwa namna hiyo mchezo ukapata orodha ya mahudhurio, wasimamizi, na aibu ya kuchelewa.

Uchovu wa aina gani?

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linaueleza uchovu wa kupindukia kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga kifikra na kazi, na kujiona huna tena ufanisi. Shirika hilo linasisitiza kwamba neno hilo ni la mambo ya kazi tu, wala lisitumiwe kwa nyanja nyingine za maisha.

Kwa kipimo hicho mchezaji hana haki ya kujiita mchovu wa namna hiyo. Hata hivyo historia ya neno lenyewe inaleta mawazo mengine. Daktari Herbert Freudenberger, aliyeliingiza katika taaluma mwaka 1974, alikuwa akieleza hali ya wahudumu wa zahanati ya bure mjini New York, ambao wengi wao walikuwa wakijitolea. Kilichowachosha ni moyo waliouweka katika shughuli isiyokwisha, wala si kufuata mshahara.

Mtafiti Nick Yee, aliyewahoji maelfu ya wachezaji, aliandika mwaka 2006 kwamba kwa wastani walicheza takriban saa 20 kwa wiki. Hiyo ni nusu ya wiki ya kazi ya mwajiriwa, na inatumika katika shughuli zenye ratiba, wakubwa na walio chini yao.

Ni muhimu kutochanganya uchovu huu na uraibu. Orodha hiyo hiyo ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, inautambua ugonjwa wa kucheza michezo: mtu hushindwa kujizuia, huutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine, na huendelea ingawa unamdhuru, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Mraibu husukumwa na hamu. Mchovu hamu imemwisha, bali anabaki kwa sababu ya wajibu, mazoea, na uchungu wa kuacha alichokitolea jasho.

Vizuizi vilivyoondoka

Kwa wachezaji wa Durban, zamani palikuwa na breki ambazo hawakuziomba. Kampuni ya simu ya Telkom ilipoleta intaneti ya kasi majumbani mwaka 2002, mteja aliwekewa kikomo cha gigabaiti 3 kwa mwezi. Akikimaliza, tovuti na seva za ng'ambo zilifungwa kwake hadi mwezi uishe, na seva za mchezo zilikuwa ng'ambo.

Katika Afrika Mashariki hali ilikuwa ngumu zaidi. Hadi mwaka 2009 pwani yake haikuwa na mkongo wa mawasiliano wa chini ya bahari, na data zilipitia satelaiti, kwa gharama kubwa na kwa kuchelewa zaidi ya nusu sekunde, muda wa kutosha mhusika kuuawa kabla mwenyewe hajaona.

Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukiunganisha Mtunzini, kaskazini mwa Durban, na Maputo, Dar es Salaam na Mombasa. Mwezi Machi 2010 kampuni ya MWEB ya Afrika Kusini ilianza kuuza intaneti ya majumbani isiyo na kikomo. Mwaka huo huo mkongo wa EASSy nao ukafika Mtunzini.

Yalikuwa maendeleo makubwa, na hakuna anayetamani kurudi nyuma. Lakini kikomo kile kilichowaudhi wachezaji kiliwalazimisha pia kulala. Kilipoondoka, wa kumwambia mchezaji inatosha alibaki yeye mwenyewe.

Wajibu wa watengenezaji

Kampuni zinalifahamu tatizo. Watengenezaji wa World of Warcraft walijaribu kwanza kumpunguzia tuzo mchezaji aliyekaa muda mrefu, na waliojaribu mchezo wakachukia. Wakaligeuza: aliyepumzika akapewa nyongeza. Hesabu ilibaki karibu ile ile, lakini malalamiko yakakoma.

Mwezi Agosti 2008, wachezaji wa Final Fantasy XI walipigana na jitu moja kwa zaidi ya saa 18 bila kulishinda, wakaacha baada ya baadhi yao kuanza kuugua. Ajabu ni kwamba mchezo huo huwaonya watu, kila wanapoingia, wasisahau familia, marafiki, shule na kazi zao. Kampuni ya Square Enix ilibadilisha kanuni, na jitu hilo likawa linatoweka baada ya saa mbili.

Nchini China serikali iliingilia kati. Tangu mwaka 2021, walio chini ya umri wa miaka 18 huruhusiwa kucheza mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

Njia tofauti imeshikwa na Naoki Yoshida, mkurugenzi wa Final Fantasy XIV, ambaye amewaambia wachezaji hadharani kwamba si vibaya kuuacha mchezo wake kwa muda na kurejea panapokuwa na jipya. Si kila kampuni inayoishi kwa ada ya mwezi inayoweza kusema hivyo kwa moyo mkunjufu.

Kwa mchezaji mwenyewe, yapo maswali machache ya kujiuliza. Je, angeingia usiku wa leo kama kusingekuwa na zawadi? Je, akikosa siku moja hujisikia amepumzika, au ana hatia? Je, wenzake wanajua kwamba amechoka?

Swali la mwisho huwa gumu kuliko yote, kwa kuwa vikundi vingi hugundua kwamba mtu amechoka siku anapotoweka bila kuaga. Aliyeomba likizo mapema, akabaki na siku mbili za wiki badala ya tano, ana nafasi ya kuurudia mchezo akiwa bado anaupenda.

Seva za Ulaya zitaendelea kuwaka saa sita usiku, ziwe na mtu wa Westville ndani yake au la. Majitu yatafufuka tena juma lijalo, naye ana mtihani asubuhi.