Mkate wa Celer

Atajiwapo Roma ya kale, msomaji hukumbuka makaisari na majumba ya marumaru. Ilhali Mrumi wa kawaida, aliyekodi chumba kimoja katika ghorofa ya nne au ya tano, mara nyingi hakuwa hata na meko, maana sehemu za juu za nyumba hizo za kupanga zilijengwa kwa mbao nyingi, na cheche moja ya makaa ilitosha kuteketeza mtaa. Kwa jinsi majengo hayo yalivyokuwa yakiporomoka, Kaisari Augusto alipiga marufuku kujenga kandokando ya njia kupita futi 70 za Kirumi, yaani kadiri ya mita 20.

Riziki yake basi mpangaji huyo aliifuata kwa mwokaji. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa 58 kabla ya Miladi raia walioandikwa daftarini, ambao zama za Augusto walifika kiasi cha 200,000, walipewa bure ngano iliyoletwa kwa merikebu kutoka Misri na Afrika ya Kaskazini, takriban kilo 33 kila mwezi. Lakini kilo 33 za nafaka zamfaa nini mtu asiye na jiwe la kusagia wala tanuri? Ilipita zaidi ya miaka 300 ndipo Kaisari Aurelian alipoamuru watu wapewe mikate iliyokwisha okwa, nami naiona amri hiyo kuwa ya busara kuliko ushindi wake mwingi vitani.

Kazi ya mwokaji twaiona wazi katika mji wa Pompeii, uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka wa 79. Mawe ya kusagia yangali yamesimama: la chini limechongwa mfano wa pia iliyopinduliwa, na la juu, lililobanwa kiunoni kama ngoma, lilizungushwa na punda, naye akizunguka kutwa mahali pamoja hata ikabidi sakafu itandikwe mawe kama barabara, asije akaichimba kwa kwato zake. Mwaka 1862 wachimbaji walifungua tanuri moja wakakuta mikate 81, yote imegeuka makaa, ya mviringo, imekatwa alama za vipande vinane.

Wa ajabu zaidi ni ule uliopatikana Herculaneum, mji jirani, uliopigwa muhuri kabla ya kutiwa motoni, ili usichanganyike na mikate ya wengine. Muhuri huo wasema kuwa ni mali ya Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus. Mtu ambaye kwa sheria ya Warumi hata nafsi yake hakuimiliki, jina lake liliandikwa juu ya mkate. Na mkate huo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Napoli, na herufi zake zasomeka hata leo.