Kabla Hujamvisha Pete, Ijue Tabia Yake

Kamati imeshakaa vikao, michango inaingia, ukumbi mmelipia. Imebaki pete. Mnaingia kwa sonara, mnaona inayong'aa, mnaomba mpunguziwe, mnalipa. Miezi michache baadaye bibie anavua pete na kukuta alama ya kijani kidoleni. "Kumbe uliniletea feki?"

Kabla hamjanuniana, someni hapa. Metali ni kama watu, kila moja na tabia yake.

Dhahabu: mwaminifu lakini laini
Dhahabu haishiki kutu. Hewa, maji wala jasho haviibadilishi, ndiyo maana ile ya bibi bado inang'aa. Ila dhahabu tupu, karati 24, ni laini mno, inapinda na kukwaruzika. Kwa hiyo masonara huichanganya na shaba, fedha au metali nyingine. Karati 18 ina dhahabu asilimia 75 na hugongwa muhuri wa 750. Karati 9 hugongwa 375, yaani zaidi ya nusu yake siyo dhahabu! Ile kijani ni shaba iliyokutana na jasho. Huenda hukutapeliwa, ila hukuuliza karati. Inatoka kwa sabuni.

Fedha na nikeli
Fedha ya 925 hupiga weusi kwa sababu ya salfa iliyo hewani. Isugue taratibu kwa kitambaa laini, itarudi. Lakini kidole kikiwasha na kutoa vipele, shuku nikeli, ambayo huchanganywa kwenye baadhi ya dhahabu nyeupe. Usijikaze kisa ndoa. Mzio wa nikeli ukishakuingia, kwa kawaida hauondoki. Ulizia platinamu, au titani, ambayo ujazo ukiwa sawa haifiki hata robo ya uzito wa dhahabu. Kasoro yake? Ukinenepa, kuitanua ni kazi.

Zebaki: mgeni wa hatari
Hapa tuambiane ukweli. Zebaki ikigusa dhahabu huungana nayo. Ndivyo wachimbaji wadogo wanavyoinasa dhahabu mchangani. Zebaki hiyo hiyo imekutwa kwenye baadhi ya krimu za kujichubua. Nyingine zina onyo kwamba zisigusane na dhahabu, fedha, alumini, mpira wala vito. Dada, kama kopo lako lina maneno hayo, usipake tena. Zebaki hupenya ngozi, ikaumiza figo na mishipa ya fahamu, na mvuke wake unaweza kumfikia hata mtoto mnayelala naye. Funga kopo kwenye mfuko, nenda nalo kwa daktari.

Na wewe kaka, usianze kufoka. Jiulize kwanza ni nani aliyekuwa akisifia weupe kila siku.

Mkienda dukani, nendeni wote wawili. Angalieni muhuri, ombeni risiti yenye karati na uzito. Pete nzuri ni ile ambayo wote mnajua imetengenezwa kwa nini.