Ardhi ya Nani, Minazi ya Nani: Biashara ya Nyimbo za Watu Mashuhuri

Katika visiwa vya Unguja na Pemba, na katika sehemu nyingi za mwambao, haikuwa ajabu kukuta shamba ambalo ardhi yake ni milki ya mtu mmoja na minazi iliyosimama juu yake ni milki ya mtu mwingine, kila mmoja na hati yake au mashahidi wake, na tena mtu wa tatu, asiyemiliki ardhi wala mti, ambaye kwa kuwa alitoa fedha za rehani alikuwa na haki ya kuchukua mavuno mpaka deni lake liishe. Mpita njia aliyemwona mkwezi kileleni akiangua madafu alidhani kwamba yule aliye juu ndiye mwenye mali. Dhana hiyo hiyo tunayo sisi wasikilizaji tunapomwona mwimbaji mashuhuri wa muziki wa roki au wa pop amesimama jukwaani, taa zote zimemwelekea na maelfu ya watu wanaimba pamoja naye: twasadiki kuwa wimbo ni wake, kumbe pengine ni mkwezi tu, na mwenye shamba yuko ofisini London au New York, hajui kuimba wala kupiga gitaa.

Maana wimbo wowote wa biashara una milki mbili zisizofanana. Ya kwanza ni utungo, yaani maneno na lahani kama yalivyotoka kichwani mwa mtunzi, na hiyo ndiyo ardhi. Ya pili ni rekodi, yaani sauti zilizonaswa studioni siku fulani na watu fulani, na hiyo ndiyo minazi iliyoota juu ya ardhi ile. Wimbo ukiimbwa upya na mwimbaji mwingine, mwenye utungo hulipwa mrabaha wake, na mwenye rekodi ya kwanza hapati hata senti. Santuri ya kwanza ikinunuliwa, wote wawili hupata, kila mmoja fungu lake. Utungo kwa desturi hukabidhiwa mchapishaji, ambaye hukusanya mrabaha na kugawana na mtunzi. Rekodi kwa desturi huwa mali ya kampuni iliyogharimia studio, na zile fedha anazopewa mwimbaji mwanzoni, ambazo kijana huzipokea kwa furaha kama bahashishi, kwa hakika ni karadha itakayokatwa katika mrabaha wake. Na hata karadha ikiisha kulipwa yote, rekodi hubaki kwa mkopeshaji.

Kisa kikuu cha biashara hii ni cha John Lennon na Paul McCartney wa kundi la Beatles. Mwaka 1963, mmoja akiwa na umri wa miaka 22 na mwenzake 20, walikubali nyimbo zao ziwekwe katika kampuni iliyoitwa Northern Songs, ambayo mchapishaji Dick James na mshirika wake walikuwa na sehemu kubwa kuliko mtunzi yeyote. Miaka miwili baadaye kampuni hiyo iliingizwa katika soko la hisa la London, hisa moja ikiuzwa kwa shilingi saba na peni tisa, na watunzi wakabaki na asilimia 15 kila mmoja ya kazi ya vichwa vyao wenyewe. Meneja wao, Brian Epstein, alifariki mwaka 1967, na mwaka 1969 James akauza hisa zake kwa kampuni ya televisheni ya ATV pasipo kuwapa watunzi nafasi ya kununua kwanza. Lennon na McCartney walijaribu kuizuia kampuni isiwaponyoke, wakashindwa, wakaishia kuuza hata zile hisa chache walizokuwa nazo. Mrabaha wa utunzi uliendelea kuwafikia, lakini amri juu ya shamba ilikuwa imetoka mikononi mwao.

Ajabu ya kisa hiki ni kwamba McCartney alijifunza somo, akaanza kununua nyimbo za watunzi wengine, zikiwamo za Buddy Holly. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alipokuwa akirekodi pamoja na Michael Jackson, akamweleza kijana yule faida ya kumiliki tungo. Jackson alisikiliza kwa makini kuliko ilivyodhaniwa, na mwaka 1985 akainunua ATV Music, pamoja na nyimbo za Beatles zilizokuwamo, kwa dola milioni 47.5. Mwaka 1995 akaiunganisha na kampuni ya Sony, nusu kwa nusu. Na mwaka 2016, miaka saba baada ya kufa kwake, wasimamizi wa mirathi yake waliiuzia Sony ile nusu iliyobaki kwa dola milioni 750. Mwanafunzi alikuwa amenunua shamba la mwalimu wake. McCartney mwenyewe, kwa kutegemea sheria ya Marekani ya mwaka 1976 inayomruhusu mtunzi kudai tungo zake zirudi baada ya muda maalumu, alifungua kesi mwaka 2017, na kesi ikamalizwa kwa suluhu ya siri.

Wenzao wa zama hizo, kundi la Rolling Stones, waliumia kwa namna nyingine. Rekodi na tungo zao za miaka ya 1960 ziliangukia mikononi mwa meneja wao wa wakati huo, Allen Klein, na kampuni yake ya ABKCO. Na kodi ya Uingereza ilikuwa nzito hata mwaka 1971 wakahamia Ufaransa. Walijinusuru kwa kumpata msimamizi wa mali, Prince Rupert Loewenstein, mtu wa benki ambaye muziki wao wala haukumpendeza, lakini aliyesimamia hesabu zao hadi mwaka 2007 na kuzifanya ziara zao ziwe chemchemi ya mapato. Shamba la kwanza lilikuwa limekwenda. Wakajifunza kulinda la pili.

Mwimbaji David Bowie alitumia akili ambayo mwenyeji wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Mwaka 1997, badala ya kuuza, aliweka rehani mavuno ya albamu zake 25 zilizotangulia mwaka 1990, akatoa hati fungani za dola milioni 55, za miaka kumi, zenye riba ya asilimia 7.9, na kampuni ya bima ya Prudential ikazinunua zote. Mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yaliwekwa rehani vivyo hivyo, hata kufikia miaka ya 1930 madeni yakawa mazito kiasi cha serikali kuingilia kati. Tofauti ni kwamba Bowie alijua tarehe ya kurejeshewa mali yake. Hata hivyo tufani ilikuja. Mwaka 1999 ulizuka mtandao wa Napster, vijana wakaanza kupata nyimbo bure kwa njia ya intaneti, mauzo ya santuri yakaporomoka, na mwaka 2004 shirika la Moody's, linalopima usalama wa madeni, likazishusha hati za Bowie hadi ngazi moja tu juu ya zile zinazohesabiwa kuwa takataka. Pamoja na hayo deni lililipwa, mwaka 2007 mavuno yakarudi kwake, na mwaka 2022, miaka sita baada ya kufariki kwake, warithi waliuza tungo zake kwa kampuni ya Warner Chappell kwa bei ambayo magazeti yaliitaja kuwa dola milioni 250.

Kilichoipandisha bei hiyo ni intaneti ile ile iliyodhaniwa kuwa imeua biashara. Watu walipozoea kulipa ada ya kila mwezi ili wasikilize wimbo wowote wautakao, wimbo mkongwe uligeuka kuwa mnazi uliokomaa, unaozaa mwezi baada ya mwezi pasipo palizi. Mapato ya rekodi duniani mwaka 2023 yalifikia dola bilioni 28.6, kwa hesabu za IFPI, shirikisho la kampuni za rekodi, na thuluthi mbili zake zilitokana na usikilizaji wa njia ya intaneti, wa kulipia na wa bure wenye matangazo. Kwa kuwa riba za benki zilikuwa chini sana katika miaka iliyofuata msukosuko wa fedha wa 2008, wenye mitaji walitafuta kitu chenye mavuno ya kutegemewa, wakaona nyimbo. Bob Dylan aliwauzia Universal tungo zake zaidi ya 600 mwaka 2020. Bruce Springsteen aliwauzia Sony tungo na rekodi zake mwaka uliofuata, kwa bei iliyotajwa kuwa dola nusu bilioni. Mfuko wa Hipgnosis, ulioingia soko la hisa la London mwaka 2018, ulinunua nyimbo kwa pupa. Riba zilipopanda bei ya hisa zake ikaanguka, na mwaka 2024 ukanunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Blackstone kwa takriban dola bilioni 1.6.

Mauzo yaliyotikisa zaidi yalikuwa ya kundi la Queen, na hapo kisa chatufikia nyumbani, maana mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa mtunza fedha wa serikali ya kikoloni, na jamaa zake wakahamia Uingereza mwaka 1964. Queen walijua uchungu wa hesabu. Mwaka 1975 "Bohemian Rhapsody" ulipotolewa katika santuri ndogo, upande wa pili uliwekwa wimbo wa mpiga ngoma, Roger Taylor. Na kwa kuwa kila anayenunua santuri hununua pande zote mbili, Taylor alipata mrabaha wa utunzi sawasawa na Mercury, ingawa aliyegeuza upande wa pili alikuwa nadra. Ugomvi wa namna hiyo uliwafundisha, na tangu albamu ya mwaka 1989 wakaandika nyimbo zote kwa jina la kundi na kugawana sawa. Mercury alifariki mwaka 1991. Mwaka 2024 ilitangazwa katika magazeti kwamba Sony wamekubali kununua mali ya nyimbo zao kwa takriban pauni bilioni moja, ghairi ya haki za rekodi nchini Marekani na Kanada, ambazo tayari zilikuwa za kampuni ya Disney.

Mfano wa mwisho ni wa binti aliyetia saini mkataba akiwa na miaka 15. Taylor Swift alitoa albamu sita chini ya kampuni ya Big Machine, na mwaka 2019 kampuni ikauzwa, rekodi zake zikiwamo, kwa mtu asiyemtaka. Minazi ilikuwa imekwenda. Lakini ardhi, yaani tungo, ilikuwa bado yake. Basi akapanda minazi mipya: akarekodi upya albamu nne kati ya mwaka 2021 na 2023, akawasihi mashabiki wasikilize hizo, na watengenezaji wa filamu na matangazo walioomba rekodi za kale aliwakatalia, kama mwenye ardhi afungavyo njia ya kupita. Wakati huo huo ziara yake ya maonyesho 149, iliyokwisha Desemba 2024, ilikusanya zaidi ya dola bilioni mbili. Mei 2025 akazinunua zile rekodi za kwanza.

Nasi tusidhani kuwa mambo haya ni ya ng'ambo peke yake. "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms wa Mombasa, na "Malaika", ambao haki ya utunzi wake imegombaniwa kati ya Fadhili William na Adam Salim, zote mbili ziliimbwa na kundi la Boney M. na kuuzwa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na kwa kila santuri iliyouzwa palikuwa na fungu la mtunzi, lililomngoja mtu mwenye hati. Tanzania ilipata sheria mpya ya hakimiliki, iliyoanzisha chama cha COSOTA, mwaka 1999, Kenya ikatunga sheria yake mpya mwaka 2001. Mzee wa Unguja aliyetaka kununua minazi hakuanza kwa kuhesabu madafu. Aliuliza kwanza ardhi ni ya nani, kisha minazi ni ya nani, kisha kama kuna rehani. Kijana anayepelekewa mkataba usiku wa manane, studio imekwisha lipiwa na kalamu imekwisha funguliwa, na aombe muda mpaka asubuhi, akamtafute wa kumsomea majibu ya maswali hayo matatu.