Kinachouma mchana kilianza usiku

Mwenye kipandauso hutambulika kabla hajafungua mdomo. Amekaza kitambaa kwenye paji la uso, jicho moja kalifumba nusu, na anatembea akiambaa kivuli cha ukuta. Hapa Makole, Dodoma mjini, kivuli hicho hutafutwa: Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanguka, jua la Dodoma hupiga juu ya mabati na vumbi mpaka mzima wa afya anakunja uso. Akifika duka la dawa ataulizwa kichwa kinauma wapi, ataambiwa huenda ni malaria au presha, atapewa vidonge viwili. Hataulizwa jana alilalaje. Nadhani swali hilo lingetufaa kuliko mengi tunayouliza, hasa katika mkoa ambao ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini.

Kwamba kichwa kinachogonga humnyima mtu usingizi, kila aliyeugua anajua. Upande wa pili, kwamba kukosa usingizi huleta maumivu ya kichwa, ndio uliohitaji kupimwa. Huko Norway, katika mkoa wa Nord-Trøndelag, watafiti waliwafuatilia wakazi kwa miaka 11. Wale ambao mwanzoni hawakuwa wakiumwa kichwa lakini walisumbuliwa na kukosa usingizi, walikuja kuumwa kichwa, kipandauso kikiwemo, kwa uwezekano uliowazidi wenzao kwa takribani asilimia 40. Na waliokuwa wakiumwa kichwa walikuja kukosa usingizi zaidi ya wengine. Kila ugonjwa ulikuwa ukimwita mwenzake.

Asitokee wa kusema haya ni maradhi ya Wazungu na watu wa ofisini. Kati ya mwisho wa 2003 na katikati ya 2004, timu iliyomhusisha daktari wa mishipa ya fahamu Andrea Winkler ilipita nyumba kwa nyumba vijijini kuzunguka Hospitali ya Haydom, huko Mbulu. Watu 7,412 waliulizwa. Asilimia 4.3 walikuwa wamepata kipandauso ndani ya mwaka mmoja, na wanawake waliwazidi wanaume karibu mara tatu. Hao ni wakulima na wafugaji wa nchi yetu hiihii, wengi wao mbali na kompyuta na taa za umeme.

Mahali ambapo magonjwa haya mawili hukutana ni chini kabisa katikati ya ubongo, kwenye sehemu iitwayo haipothalamasi. Uzito wake ni kama gramu 4 tu, katika ubongo wa zaidi ya kilo moja, lakini ndiyo inayoongoza njaa, kiu, joto la mwili na homoni. Ndani yake imo saa ya mwili, inayosoma mwanga unaoingia machoni na kuamua lini tusinzie, lini tuamke. Sehemu hiyohiyo ina njia zinazoshuka mpaka shina la ubongo, pale zinapopokelewa taarifa za neva kubwa inayobeba hisia za uso na za utando unaoufunika ubongo. Neva hiyo ndiyo inayouma katika kipandauso. Inapochokozwa humwaga peptidi iitwayo CGRP, ambayo hutanua mishipa ya damu na kuzidisha hisia ya maumivu.

Mwaka 2016 Laura Schulte na Arne May, wa Hamburg nchini Ujerumani, walichapisha kazi ambayo mimi naiheshimu sana. Mgonjwa mmoja wa kipandauso alikubali kupigwa picha za MRI za ubongo kila siku kwa siku 30, bila kutumia dawa, na katika siku hizo alishikwa mara tatu. Picha zilionyesha haipothalamasi ikibadilika tangu siku moja kabla ya maumivu. Kichwa bado kilikuwa kizima, lakini shambulio lilikuwa limeshaanza.

Hapo ndipo dalili ambazo wengi huzipuuza zinapopata maana. Saa kadhaa kabla ya kuumwa, wagonjwa wengi hupiga miayo mfululizo, shingo hukaza, hukojoa mara nyingi, au hutamani vitu vitamu. Mtu hula pipi au kunywa soda, kichwa kinauma, naye anailaumu soda. Mara nyingine hamu yenyewe ilikuwa sehemu ya ugonjwa ulioanza kimyakimya.

Kipo kiungo kingine. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yaligundua, kila moja kivyake, kemikali ya haipothalamasi ambayo wengi sasa huiita oreksini. Ndiyo inayotuweka macho, na seli zinazoitoa hupeleka nyuzi zake hata kwenye njia za maumivu. Mfumo wa kukesha na mfumo wa kuumwa hutumia waya zilezile, na anayeuvuruga mmoja ameugusa wa pili.

Mwaka 2013 wanasayansi wa Marekani walieleza familia mbili ambazo watu wake husinzia mapema sana jioni na kuamka kabla ya alfajiri. Wengi wao pia walikuwa na kipandauso. Walikutwa na kasoro katika jeni moja inayorekebisha saa ya mwili, na panya waliowekewa kasoro hiyo walipata kwa urahisi zaidi lile wimbi la umeme linalotambaa juu ya ubongo, milimita 3 hivi kwa dakika, ambalo Mbrazili Aristides Leão alilieleza mwaka 1944. Wimbi hilo ndilo linalodhaniwa kuleta vimulimuli machoni kabla ya maumivu.

Sasa rudi Makole. Mlinzi ametoka lindoni saa 12 asubuhi, muuguzi ametoka zamu, dereva wa bodaboda amefunga hesabu za usiku. Watalala wapi? Kwenye chumba cha bati kisicho na dari, ambacho saa 7 mchana hakikaliki. Mama ntilie naye ameamka saa 10 alfajiri kuwasha jiko, na usiku alilala saa 6 kwa sababu ya muziki wa jirani. Miili hii inadaiwa usingizi, na deni hulipwa kwa kichwa. Kisha vinakuja vidonge. Anayemeza dawa ya kawaida ya maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile za mchanganyiko siku 10, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu yanayoletwa na dawa zenyewe. Baadhi ya dawa hizo zina kafeini ndani. Akizimeza jioni, usiku nao umeharibika.

Liko pia jambo la aibu. Mtu wa Dodoma akilalamika hapati usingizi, hakosi wa kumtania kwamba apelekwe Mirembe, hospitali ya akili iliyoanza mwaka 1927. Utani huo una madhara. Unawafanya watu waseme kichwa na wafiche usiku, na daktari anaandika nusu ya ugonjwa.

Tiba ya usingizi hufanya kazi. Mwaka 2007 Anne Calhoun na Sutapa Ford walichapisha jaribio la wanawake 43 waliokuwa na kipandauso sugu. Baadhi walifundishwa kulala kwa saa maalumu, kuacha televisheni kitandani, kula mapema na kuacha usingizi wa mchana. Wengine walipewa maelekezo yasiyo na uzito. Mwishoni karibu nusu ya waliofuata maelekezo ya usingizi walikuwa wametoka kwenye hali sugu. Kula mapema, zikibaki saa nne kabla ya kulala, ni kugumu kwetu, tunaoivisha ugali saa 3 usiku. Lakini saa maalumu ya kuamka, isiyobadilika hata Jumapili, haina gharama. Zipo pia dawa za kuzuia, kama propranololi, ambayo haimfai mwenye pumu, na amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, ambayo husaidia kichwa na usingizi pamoja. Hizi huandikwa na daktari.

Anayetaka kuanza, aandike kwenye daftari kwa mwezi mmoja saa ya kulala, saa ya kuamka, siku ya kuumwa na kidonge alichomeza, kisha alipeleke Kituo cha Afya Makole au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Asiyesubiri daftari ni yule ambaye kichwa kimempasuka ghafla kuliko alivyowahi kuumwa, mwenye homa na shingo ngumu, aliyelegea upande mmoja, mjamzito, au aliyeanza kuumwa baada ya miaka 50. Huyo aende leo.