Seva imegoma kuwaka baada ya kupandisha Ubuntu? Usifute diski kwanza

Seva ya ofisi imepandishwa toleo jipya la Ubuntu, ikawashwa upya, skrini ikaishia kwenye "Kernel panic". Wengi hapo hukimbilia kufuta diski waanze upya. Haraka ya nini? Kwa kawaida data bado zipo.

Fundi aingie menyu ya GRUB, achague "Advanced options for Ubuntu", kisha kerneli ya zamani. Ikiwaka, anakili data nje kwanza, halafu aandike df -h /boot. Mara nyingi mchawi yuko hapo: sehemu hiyo ya diski ni ndogo, kerneli za zamani zimeijaza, na faili la initrd la kerneli mpya limekosa nafasi. Azipunguze kwa sudo apt autoremove --purge, kisha sudo dpkg --configure -a imalizie kazi iliyokatika.

Seva ikiwa mbali, tena haina iDRAC, iLO wala njia nyingine ya kuifikia konsoli yake kwa mbali, hakuna ujanja: mtu afunge safari na kibodi na skrini.