Mganga Hajigangi: Muundo na Uongozi wa Chama cha Wanahabari nchini Kenya

Utangulizi

Tarehe 27 Novemba 2015, Papa Fransisko alizuru mtaa wa Kangemi, ulioko kando ya barabara ya Waiyaki, magharibi mwa jiji la Nairobi. Alipokelewa katika kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na katika hotuba yake aliitaja haki ya binadamu ya kuwa na ardhi, makao na kazi. Wanahabari walikuwapo na habari zikaenea ulimwenguni. Hata hivyo, kuna swali ambalo huulizwa kwa nadra: huyu anayetangaza haki ya kazi ya wengine, haki yake mwenyewe inalindwa na nani? Wahenga walisema mganga hajigangi. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi chama cha wafanyakazi wa habari kinavyoundwa na kuongozwa nchini Kenya, na kwa nini jambo hilo linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

Vyama vinavyochanganywa

Ni muhimu kwanza kutenganisha asasi ambazo mara nyingi huchukuliwa kuwa kitu kimoja. Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya ni chombo cha kisheria. Lilipata msingi wake katika Sheria ya Vyombo vya Habari ya 2007, kisha likaundwa upya kwa sheria ya 2013. Kazi yake ni kusimamia maadili ya taaluma, kuwaidhinisha wanahabari na kusikiliza malalamiko ya umma. Chama cha Wahariri nacho huwakutanisha wanaosimamia vyumba vya habari, ilhali wamiliki wa vyombo hivyo wana chama chao. Muungano wa Wanahabari wa Kenya (KUJ), ulioanzishwa mwaka 1962, ni tofauti na hizo zote kwa kuwa ni chama cha wafanyakazi. Baraza humwuliza mwanahabari, "Umeandika kwa haki?" Chama humwuliza, "Umelipwa kwa haki?"

Usuli

Mwaka huo wa 1962 haukuwa wa kawaida katika historia ya wafanyakazi wa Kenya. Vuguvugu lao lilikuwa limekwisha kupita katika mikono ya Makhan Singh, ambaye mwaka 1949, pamoja na Fred Kubai, aliunganisha vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki. Wote wawili walikamatwa mwaka uliofuata, na Singh akawekwa kizuizini hadi 1961. Tom Mboya aliliendeleza vuguvugu hilo, na mwaka 1962 serikali, waajiri na shirikisho la wafanyakazi wakatia sahihi mkataba wa mahusiano kazini. KUJ ilizaliwa, basi, katika mwaka ambao pande tatu zilikubaliana kwamba mgogoro wa kazi uanze kwa mazungumzo kabla ya kufikia mgomo.

Muundo na uongozi

Chama cha wafanyakazi hujengwa kuanzia chini. Msingi wake ni mwanachama mmoja mmoja katika chumba cha habari. Wanachama wa mahali pamoja huwa na mwakilishi wao kazini, ambaye hupokea malalamiko na kuyafikisha kwa viongozi. Chama cha wanahabari cha Uingereza, kilichoasisiwa mwaka 1907, kina istilahi ya kuvutia hapa. Tawi la kazini huitwa kwa neno lenye maana ya kanisa dogo, na kiongozi wake huitwa baba au mama wa kanisa hilo. Istilahi hiyo ilirithiwa kutoka kwa wapigachapa wa kale.

Juu ya ngazi hiyo wapo viongozi wa kitaifa wanaochaguliwa na wanachama. Mwenyekiti huongoza vikao na mweka hazina hutunza fedha. Katibu mkuu, licha ya jina la cheo chake, si mwandishi wa kumbukumbu tu. Katika desturi ya vyama vya Kenya, yeye ndiye mtendaji mkuu, msemaji na kiongozi wa majadiliano na waajiri. Miongoni mwa waliowahi kushika wadhifa huo katika KUJ ni Ezekiel Mutua na Eric Oduor.

Uongozi huo hauko huru kufanya utakavyo. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inakitaka kila chama kiwe na katiba iliyosajiliwa, kifanye uchaguzi kwa mujibu wa katiba hiyo, na kiwasilishe kwa Msajili hesabu zilizokaguliwa. Aidha, kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma, na kukipa chama haki ya kujiamulia uendeshaji wake. Nje ya mipaka ya nchi, KUJ ni mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa la Wanahabari, lililoundwa Paris mwaka 1926 na ambalo makao yake yako Brussels.

Nguvu ya chama hutoka wapi?

Nguvu ya kwanza ni idadi. Mwajiri analazimika kukitambua chama iwapo kimesajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaostahili kujiunga. Mameneja hawahesabiwi, kwa sababu mtu hawezi kukaa pande mbili za meza moja. Baada ya kutambuliwa, chama hujadiliana na mwajiri kuhusu mishahara, saa za kazi na likizo. Makubaliano yanayofikiwa husajiliwa mahakamani na kuwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika.

Nguvu ya pili ni ada. Mwajiri huikata katika mshahara na kuipeleka kwa chama. Hata asiye mwanachama anaweza kukatwa ada ikiwa ananufaika na makubaliano hayo, kwani si haki mmoja kulima na mwingine kuvuna.

Nguvu ya tatu ni mgomo, nao una utaratibu wake. Mgogoro hupitia usuluhishi kwanza. Ukishindikana, chama hutoa ilani ya maandishi ya siku 7.

Zaidi ya hayo, ipo faida isiyoonekana mpaka siku ya dhiki. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007, mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi sharti akiarifu chama chao angalau mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na kiwango cha upunguzaji. Asiye na chama huipokea barua hiyo peke yake. Tangu miaka ya 2010 vyumba vya habari vya Nairobi vimepunguza wafanyakazi mara kwa mara, na kifungu hicho kimekuwa na uzito ambao wengi hawakuutarajia.

Mwandishi wa Kangemi

Tatizo kuu la muundo huu ni kwamba uliasisiwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara. Tumfikirie mwandishi anayeishi Kangemi na kulipwa kwa kila habari inayochapishwa. Nauli ya kwenda mjini ni yake, simu ni yake, na hatari ya kurushiwa gesi ya kutoa machozi katika maandamano ni yake pia. Hana mshahara wa kukatwa ada, na huenda asihesabiwe katika idadi inayokipa chama haki ya kutambuliwa. Kwa hivyo, kadiri waandishi wa aina yake wanavyoongezeka, ndivyo chama kinavyopungukiwa na wanachama, fedha na sauti. Mwandishi aliyehitaji chama kuliko wote ndiye aliye mbali nacho kuliko wote.

Hili si suala la tumbo pekee. Mnamo Agosti 2007, wanahabari waliandamana jijini Nairobi wakiwa wameziba vinywa, wakipinga mswada ambao ungewalazimisha kutaja waliowapa habari. Rais Mwai Kibaki aliurudisha bungeni. Ushindi huo ulipatikana kwa kusimama pamoja. Mwandishi asiyejua kama atalipwa mwezi ujao ni rahisi kushawishiwa kwa bahasha, na ni vigumu kwake kukataa amri ya kuificha habari.

Hitimisho

Wengi wetu tunaosoma Kiswahili tutaishia katika magazeti, redio na runinga, tukiwa watafsiri, wasomaji wa taarifa au waandishi wa mashinani. Tunafundishwa ngeli, mitindo na uhakiki. Ni nadra tufundishwe kuusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi. Chama nacho hakina budi kuwafungulia mlango wanaolipwa kwa habari, kwa kuweka ada wanazoweza kuzilipa wenyewe na nafasi yao katika uongozi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kidole kilichoshika kalamu hakijasazwa na methali hiyo.