Baada ya The Royal Tour: Bagamoyo Yahitaji Mgeni Anayelala

Na Mwandishi Wetu

Filamu ya The Royal Tour, ambamo Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alimtembeza mwandishi wa habari wa Marekani, Peter Greenberg, katika vivutio vya nchi yetu, ilianza kurekodiwa mwishoni mwa Agosti 2021. Ilizinduliwa jijini New York Aprili 18, 2022, na siku kumi baadaye ikazinduliwa jijini Arusha. Mbali na Serengeti, Ngorongoro na Mlima Kilimanjaro, kamera za filamu hiyo zilifika pia katika ukanda wa pwani, ukiwemo mji mkongwe wa Bagamoyo.

Filamu ina uwezo mkubwa wa kumvuta mgeni, lakini haina uwezo wa kumfanya akae. Hilo ndilo suala linaloikabili Bagamoyo. Mji huu uko takriban kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, na kwa sababu ya ukaribu huo wageni wengi, hasa wa ndani, hufika asubuhi, hupiga picha mbili tatu na kurejea jioni. Mgeni wa namna hiyo huacha kiingilio cha kituo kimoja na pengine bei ya chakula cha mchana. Anayelala usiku mmoja au miwili hulipia chumba, chakula cha jioni, mwongoza watalii, bajaji ya kumfikisha Kaole na kinyago cha kupeleka nyumbani. Fedha yake hupita katika mikono mingi zaidi ya wakazi.

Siku ya kwanza: Kaole na Mji Mkongwe

Likizo ya siku tatu inatosha kuiona Bagamoyo bila haraka. Siku ya kwanza yafaa ianzie Kaole, kiasi cha kilomita tano kusini mwa mji. Hapo yapo magofu ya mji wa Waswahili uliostawi kabla ya Bagamoyo yenyewe: misikiti miwili na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe. Msikiti mkubwa unakadiriwa kuwa wa karne ya 13, na ni miongoni mwa misikiti ya kale zaidi katika Tanzania Bara. Vyombo vya udongo kutoka China vilivyopatikana hapo vinathibitisha kwamba wakazi wa pwani hii walifanya biashara na ulimwengu wa mbali karne nyingi kabla ya kufika kwa wakoloni. Mgeni atashangaa kuona bandari hiyo ya zamani sasa imetenganishwa na bahari kwa msitu wa mikoko. Tope lilijaa, mikoko ikaota na maji yakasogea mbali.

Kutoka Kaole, mgeni arudi Mji Mkongwe. Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, umbali wa takriban kilomita 1,200. Wapagazi walibeba pembe za ndovu mabegani, na pamoja nao walitembezwa watu waliotekwa ili wauzwe utumwani. Jina la mji hufasiriwa kwa njia mbili zinazotokana na historia hiyo. Wapo wasemao ni mahali ambapo mpagazi aliubwaga moyo akapumzika baada ya safari. Wapo wasemao ni mahali ambapo mateka aliubwaga moyo wake kwa kukata tamaa, akijua kwamba ng'ambo ya bahari hakuna kurudi. Jengo la Caravan Serai, makazi ya misafara hiyo, bado lipo.

Siku ya pili: Misheni, sanaa na ufukwe

Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Ni katika misheni hiyo, Februari 1874, ambapo mwili wa David Livingstone ulihifadhiwa baada ya kubebwa kwa miezi mingi na wafuasi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, kutoka katika nchi ambayo leo ni Zambia. Makumbusho ya misheni hueleza habari hizo kwa kina, na mgeni atenge saa mbili walau. Karibu na ufukwe yapo majengo ya utawala wa Wajerumani, walioifanya Bagamoyo makao yao makuu hadi mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam.

Mchana mgeni aweza kutembelea Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ambako vijana hujifunza ngoma, muziki, maigizo na uchongaji. Jioni ni zamu ya soko la samaki: ngalawa na mashua zikiingia, pweza na changu wakinadiwa, na wali wa nazi ukimngoja mgeni mezani.

Siku ya tatu: Saadani

Kaskazini mwa Bagamoyo, ng'ambo ya Mto Wami, ipo Hifadhi ya Taifa Saadani, iliyopandishwa hadhi mwaka 2005. Humo tembo na twiga huishi jirani kabisa na fukwe za Bahari ya Hindi, viboko na mamba hukaa mtoni, na kasa wa kijani hutaga mayai katika ufukwe wa Madete. Msimu mzuri wa kwenda ni Juni hadi Oktoba, kwa kuwa wakati wa masika barabara za hifadhini huwa na utelezi mkubwa.

Kinachoweza kupotea

Majengo ya kale ya pwani yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hupumua: unyevu na chumvi ya bahari huingia na kutoka. Ukizibwa kwa saruji, unyevu hubaki ndani na mawe huanza kumeguka. Mizizi ya miti nayo hupenya katika nyufa. Kwa hiyo ukarabati wahitaji mafundi wanaoijua chokaa, na mafundi hao wahitaji kulipwa. Bagamoyo imo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na kuta zinazoanguka hazitaisaidia kupanda hatua inayofuata.

Hata hivyo, wingi wa wageni pekee si dawa. Ghuba ya Maya nchini Thailand ilipata umaarufu baada ya kuoneshwa katika filamu ya The Beach ya mwaka 2000. Watu walifurika hadi kufikia maelfu kwa siku, nanga za boti zikavunja matumbawe, na Juni 2018 Serikali ya nchi hiyo ikalazimika kuifunga ghuba hiyo. Ilifunguliwa tena Januari 2022, idadi ya wageni ikiwa na kikomo na boti zikizuiwa kuingia ndani ya ghuba. Bagamoyo haijafika huko, na huu ndio wakati wa kujifunza bila kulipa gharama hiyo.

Wajibu wa mgeni ni mwepisi. Asipande juu ya makaburi ya Kaole wala kuchora jina lake ukutani. Mambo ya kale yanalindwa na sheria tangu mwaka 1964. Asinunue magamba ya kasa wala matumbawe. Avae mavazi ya heshima anapopita mitaani, maana mji huu ni makazi ya watu wenye dini na desturi zao. Amtumie mwongoza watalii anayetambulika na adai risiti ya kila malipo.

Wananchi wanahimizwa kuiweka Bagamoyo katika mipango ya likizo ya familia na ziara za shule, na kutenga walau usiku mmoja. Wapagazi wa zamani walifika hapa kwa miguu, wakapumzika. Mgeni wa leo afikaye kwa gari asiwe na haraka kuliko wao.